Raifo ya Haruna

Msinichokoze kuhusu Fatu. Mimi Leonia nimeanika naye dagaa hapa Katonga, kando ya ziwa, miaka na miaka, na atakayesema alikuwa mwehu tutagombana.

Mumewe, Haruna, alikuwa mgambo wa pale mwaloni, boti zinapofikia, mtu wa mizaha. Alipewa raifo ya Mwingereza, ya Vita vya Pili vya Dunia, kitako cha mti, nzito kama mchi. Akiifyatua, vilima vyote vinaitika. "Mlio wake naujua hata usingizini," alijigamba.

Mwaka ule vita vya Zaire vilipowasukuma watu ziwani, tukasikia boti ya wakimbizi imezimika mashine huko katikati. Haruna akamkabidhi Fatu raifo. "Nishikie, mke wangu. Watoto wa watu wameshaona bunduki za kutosha. Narudi sasa hivi." Akaondoka kwa mtumbwi na wenzake wawili kuwafuata. Upepo ukachafuka. Hawakurudi.

Fatu hakutaka kusikia habari ya msiba. "Mgambo haachi bunduki yake," alisema. "Ataifuata." Aliilaza kitandani upande wa Haruna, akaifuta kila Ijumaa. Jamani, nilimhurumia! Na wakimbizi wanashuka kila siku, nani angekumbuka bunduki moja kuukuu?

Mwishowe aliyeikumbuka ni Oswald, mkuu wa mgambo. Alikuja kwa adabu.

"Shikamoo, mama. Nimetumwa kuichukua ile raifo."

"Marahaba. Chukua, baba, ila kwanza ifyatue pale ziwani. Mara moja tu. Haruna akiusikia mlio wake, atajua pa kurudi."

Angekataa, nani angemlaumu? Hakukataa. Tukashuka naye ufukweni. Akavuta kukoki, wapi! Akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Chuma kimegandamana, kimejaa utomvu mwekundu.

"Mama, ulikuwa unaipaka nini?"

"Mawese. Kwani sisi tuna mafuta gani mengine?"

Vijana waliotufuata wakaangua kicheko, nikawatukana mpaka wakanyamaza. Mawese tunapikia, tunapaka watoto, tunalainishia hata bawaba za mlango. Aliipaka kwa mapenzi, akaizidishia, yakaganda.

Fatu akageukia ziwa. "Basi Haruna hana cha kumwita tena," akasema. Oswald akaiweka begani, akaondoka nayo taratibu.

Kesho yake hakuja kuanika dagaa. Nilimkuta chumbani, amevaa nguo nyeupe, amejifunika. Fatu alikuwa amekaa eda.