Shati la Kujaribia Sifa

Fundi cherehani yule alikuwa na ugonjwa mmoja wa tangu utotoni: udadisi. Ukimwambia moto unaunguza, sharti aguse kwanza. Basi mchungaji alipohubiri kwamba rafiki wa kweli atakuumiza ili upone, na mwenye sifa za uongo atakubembeleza huku unazama, waumini wenzake waliitikia amina wakaenda zao kula. Yeye alirudi nyumbani na swali: hawa wanaonisifu mimi, ni wa kundi gani?

Swali halikuwa la mchezo. Mwenyekiti wa kwaya alikuwa amemletea majora matatu ya mahameli, sare thelathini, akate Jumatatu ya wiki iliyofuata. Kanisa zima lilichangia kitambaa kile, na mahameli ukiyakosea kwa mkasi, basi tena.

"Fundi ni wewe, wengine wanabahatisha," mwenyekiti alisema. "Mungu ameibariki mikono hiyo." Papo hapo akaomba ashonewe bure, iwe sadaka.

Mtu mmoja tu hakumsifu. Ni mpiga pasi waliyechangia naye chumba cha kazi, na nguo zote za fundi zilipita chini ya pasi yake. Walibatizwa siku moja. Watu walimwita Mkavu, maana ulimi wake haukujua kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Miezi mitatu nyuma alimwambia fundi, "Bwana, suruali ya kahawia umeishona kwa uzi wa kijani." Fundi akamjibu, "Hicho ni kijicho." Tangu siku hiyo walifanya kazi wamepeana mgongo, hata salamu hakuna.

Jumamosi fundi alijishonea shati jipya, mkono wa kulia akaufupisha vidole vinne, makusudi kabisa. Jumapili baada ya ibada akasimama nalo mlangoni mwa kanisa, ametulia kama mtego wa panya.

"Fundi, umependeza!" mwenyekiti alisema. "Huo mtindo mpya?"

"Mpya kabisa," fundi alijibu, kicheko kimemjaa kifuani.

Mke wa mzee wa kanisa akasema amerudia ujana. Kisha akaja shemeji wa fundi. Akautazama ule mkono, akamtazama usoni, akautazama tena mkono. "Safi sana, shemeji," akasema, akapita. Hapo kicheko kilikatika. Jicho limeona kabisa, mdomo umekataa! Fundi akajiuliza amevikwa kilemba cha ukoka kwa miaka mingapi, naye anatembea nacho mjini kwa maringo.

Mkavu alitoka wa mwisho. Alipomwona akakunja uso.

"We bwana, hata kama hatusemezani. Mkono wa kulia umepunguka. Kalivue hilo shati."

Fundi alimkumbatia mbele za watu. "Ndugu yangu! Nilifanya makusudi. Nilikuwa nawajaribu!"

Mkavu hakucheka. "Na kola je? Nayo makusudi?"

"Kola imefanyaje?"

"Umeigeuza. Upande wa ndani uko nje."

Fundi akapapasa shingoni. Vidole vikakuta mshono mahali pasipotakiwa mshono. Asubuhi alikuwa amejitazama kwenye kioo, tena mara mbili, kwa makini.

"Tangu lini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Hata kabla ya ile suruali. Ni macho, ndugu yangu. Nilipoanza kukwambia ukaninunia."

"Na yale mahameli, kesho nisikate?"

"Usikate."

Neno lile lilimchoma kuliko sindano zote za maisha yake. Mwenyekiti alikuwa bado uani, anaagana na wanakwaya. Fundi akamshika Mkavu mkono.

"Twende kwake sasa hivi. Lakini useme wewe," akasema. "Mimi nikifungua mdomo, nitajisifu."