Héritier alichagua barabara yetu

Wapendwa, jambo kwenu wote. Mumeamuka namna gani huko muliko? Siye huku Mushaki tungali tunapumua, kwa neema ya Mungu. Ila moyo wangu unakataa kuandika hii: Héritier, kijana wa jirani yangu, tumemuzika juzi.

Nilimubeba akiwa mutoto. Alipokua akawa rafiki, wa kukaa jikoni kwangu na kula fromage, jibini yangu, yenye haijakauka.

Alisoma informatique, mambo ya kompyuta, huko Goma. Mwaka wa kumaliza wakaambiwa kila mutu achague travail yake, kazi ya kumalizia masomo. Wenzake wakachagua programu za gestion, za kusimamia hoteli na pharmacie. Yeye akapanda huku na begi lake, akaniuliza: "Mama Chantal, shida yako ya kila asubuhi njo gani?"

"Njo wewe, unanimalizia fromage."

Akacheka, akangoja. Basi nikamuambia. Tangu vita, mbele ya kupakiza fromage kwenye pikipiki, napigia watu wa kule chini: barabara imeamuka namna gani? Huyu hajibu, yule hana réseau, simu haishiki. Siku zingine tunaenda tu na rozari mukononi.

Akatoa kalamu, akaandika. "Basi njo travail yangu."

Wenzake wakamuita Waziri wa Barabara. Mwalimu wake akasema kitu hicho kiko kidogo sana. Alijibu: "Wenye watakitumia nawajua wote kwa sura."

Akakitengeneza. Mutu mumoja kila kijiji anatuma neno kwa ordinateur yake, kompyuta ya begini, na hapo simu zetu zote, hata hizi za tochi, zinalia. Mwanzo aliandika "voie praticable". Nikamuuliza: hiyo ni kwenda ao kubaki? Akafuta palepale, akaweka: pita, ao usipite.

Kisha tumbo likamushika. Infirmier, muuguzi wetu, akasema apelekwe Goma, apasuliwe leo leo. Tukamufunga na kitenge mugongoni mwa dereva wa pikipiki.

Mbele dereva hajawasha pikipiki, simu zikalia pamoja. Yangu, ya mama yake, ya dereva, na yake mufukoni. Mushaki–Sake, njia yetu ya Goma: usipite.

Dereva akashuka. Héritier, uso umekunjamana, akaniambia: "Mama Chantal, si unaona? Kitu changu kinatumika."

Tukasali naye. Barabara ilifunguka kesho yake. Yeye hakuingoja.

Kuna wenye wananiambia simu ile njo ilimuua. Hapana. Isingelia, wangepita, na tungezika dereva pia, baba wa watoto. Najua hivyo, na bado siku ile niliitupa chini.

Lala, papa, mutoto wangu. Lala bila maumivu. Yesu mwenyewe akupokee, na akuulize shida za hapa, wewe unazijua.

Wenye mulisoma naye: ordinateur yake iko kwangu, nimeifunika na kitenge kilekile. Tangu tumuzike, asubuhi simu zetu haziseme kitu, na wamama wameanza tena kwenda na rozari tu. Nani kati yenu anaweza kuiwasha? Munijibu haraka, tafadhali.