Magoti ya Estelle

Estelle wa Kashuga alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alikuwa akipanda kilima na mzigo wa maharage mgongoni, kamba kwenye paji la uso, na bado ana pumzi ya kuimba. Lakini kwenye buku ya kituo cha afya aliandikwa mgonjwa wa magoti, karibu kilema. Msicheke kwanza. Binti wa watu hakusema uongo hata mara moja.

Mwenye magoti mabovu alikuwa baba mkwe wake, mzee Sebarenzi. Mimi naweza kumtaja, kwa kuwa hakutoa ng'ombe wa mahari kwa ajili yangu. Estelle je? Thubutu! Kwenye milima ile mke wa mwana hatamki jina la baba mkwe wala la mama mkwe. Ulimi ukiteleza, anafungasha, anarudi kwao kutafuta kuku na kasiksi, pombe ya ndizi, aje kuomba msamaha ndipo apokewe. Na kwao Estelle ni wapi? Wazazi wake walikimbia na kutawanyika, kijiji kimebaki majani. Angefukuzwa, hana mlango wa kugonga. Kwa hiyo jina lile alilizunguka kama mtu anavyozunguka shimo la choo cha zamani.

Mzee hakuweza kuteremka hadi kituoni. Mume wake Estelle, Guy, alikuwa akiuza chumvi na sabuni kule Ntoto, anarudi mara moja kwa mwezi, siku tatu tu, na siku tatu zinatosha kama mtakavyoona. Basi aliyetumwa kuchukua kinini, vile vidonge vya mzee, ni Estelle.

Kituoni alimkuta Raphaël, infirmier, muuguzi mwenye mwandiko mzuri kuliko wote Masisi, kwa maneno yake mwenyewe. Raphaël alitoka Itebero, msituni Walikale, na mambo ya wakwe wa milimani hakuyajua.

"Jina?" akauliza.

Estelle akafungua mdomo, akaufunga. "Estelle," akasema.

"Miaka?"

"Makumi mbili na mbili."

"Unaumwa nini?"

"Iko magoti."

Raphaël alimtazama kwa huruma. Na hakuwa Estelle peke yake! Walikuja wake wa wana, mmoja baada ya mwingine, wote vijana, wote magoti. Wagonjwa thelathini na wanane, na thelathini na watano kati yao walikuwa mabibi vijana kama Estelle. Raphaël akafikiri sana, kisha akaandika pembeni kwa ule mwandiko wake: "Milima ya huku inakula magoti ya wanawake mapema." Sisi watu wa msituni tumepona, akajisemea.

Sasa, buku ile haikukaa Kashuga. Ilinakiliwa ikaenda Goma, kwenye ordinatere moja, kompyuta iliyokusanya mabuku ya vituo mia kadhaa vya mikoa mingi, ili wataalamu waone dawa za maumivu ya viungo zinafanya nini kingine ndani ya mwili wa mtu. Wazo zuri, silikejeli hata kidogo. Jambo ambalo infirmier mmoja haoni kwa wagonjwa wake wachache, linaonekana ukiwatazama laki mbili. Ila ordinatere haijui nani alitumwa na nani.

Kila mwezi Raphaël aliuliza swali alilopewa aulize: "Tangu kuanza kinini, wewe unasikia nini mu mwili?"

Estelle alidhani ni heshima tu, mtu anauliza habari zake. Na alikuwa Mkristo, akiulizwa anajibu. "Niko nasikia roho inachafuka asubuhi."

Mwezi uliofuata: "Niko natamani kula udongo."

Mwezi mwingine tena: "Nguo inanibana hapa mbele."

Raphaël aliandika yote. Wenzake Estelle nao wakajibu hivyo hivyo, kwa kuwa waume zao nao walikuwa wakirudi nyumbani mara moja moja.

Kule Goma ramani ya ordinatere ile ikageuka nyekundu, na wekundu wote uko Kashuga. Kinini ya magoti inatia watu mimba! Wagonjwa ishirini na sita kati ya thelathini na wanane! Ikaja barua ya haraka: kinini zifungiwe kabatini, asipewe mtu mpaka utafiti ufanyike.

Eh, habari haina miguu lakini ilifika mlimani kabla ya mwenye barua hajashuka kwenye moto, pikipiki yake. Wanawake waliokosa mtoto miaka na miaka wakaanza kuchechemea. Mmoja alichechemea mguu wa kulia akienda, na wa kushoto akirudi. Raphaël akakaa mbele ya kabati mikono imefumbatwa, kama kipa wa mpira.

Nyumbani kwa Estelle hakukuwa na kicheko. Siku ya tano bila kinini, mzee Sebarenzi hakusimama. Siku ya kumi alikuwa akitambaa kwenda chooni, na hakutaka mtu amshike, akipiga kelele akisogelewa. Estelle aliuma mdomo. Mzee huyu ndiye aliyempokea alipokuja mikono mitupu, akamwambia, "Ingia, mutoto wangu, huku njo kwenu." Angefanya lolote apate kinini zile.

Daktari mtafiti akafika kutoka Goma, anaitwa Myriam, mwanamke mpole mwenye tablete chini ya kwapa. Akaomba aanze na mgonjwa namba saba. Namba saba ni Estelle.

Myriam akabonyeza goti la kuume. "Hapa inauma?"

"Hapana."

Goti la kushoto? Hapana. Chuchumaa, simama, ruka. Estelle akaruka, na tumbo lake la miezi minne.

"Amepona kabisa!" Myriam akamgeukia Raphaël, macho yanang'aa. "Sijaona dawa namna hii mu maisha yangu. Inaponesha magoti na inaleta mimba!"

Estelle akaona balaa linazidi kukua, akasema, "Daktari, ile magoti haiko yangu."

"Iko ya nani?"

"Ya papa ya bwana yangu."

Raphaël akatazama buku yake kama mtu aliyekuta nyoka ndani ya kitanda. Myriam, hongera yake, alielewa upesi. "Sawa. Tubadilishe fishi ya mugonjwa. Anaitwa nani?"

"Papa Guy."

"Hilo jina ya mutoto yake. Yeye mwenyewe?"

"Ule mwenye nyumba ya mabati, pembeni ya mikaratusi."

"Dada, mashini haikubali mikaratusi." Akamweleza: mwenye fishi peke yake ndiye anayeweza kuisahihisha, aseme jina kwa sauti yake, tablete irekodi. Bila hivyo namba saba inabaki namba saba, na kabati linabaki limefungwa.

Wakapanda moto hadi nyumbani. Jirani Colette, mke wa mwana kama yeye, naye alikuwa na fishi, akamvuta Estelle kando. "Usiseme! Ukifukuzwa utalala wapi na iyo tumbo?"

Mzee alikuwa amekaa mlangoni juu ya mkeka, miguu ameinyoosha, uso umekuwa majivu. Estelle akapiga magoti mbele yake, tablete ikamulika. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi.

"Unisamehe, Papa," akasema. "Sebarenzi."

Colette akajifunika uso. Mzee akainua kichwa. Wenye rika lake walikuwa wamekufa, mke wake amekufa, na kwa wote waliobaki alikuwa Papa Guy. Miaka mingapi hakuitwa jina lake mwenyewe?

"Niko," akaitika.

Hakukasirika. Akamtazama tu. Myriam akaandika, kisha, kwa kuwa mgonjwa wa kweli sasa alikuwa mbele yake, akaanza maswali upya. Kula? Kidogo. Kulala? Kidogo. Choo?

Mzee akageuza uso kuelekea mikaratusi.

"Choo, Papa? Iko rangi gani?"

"Nyeusi," mzee akasema chini chini. "Nyeusi sawa makala ya jikoni. Tangu Pasaka."

Myriam akaweka tablete chini. Akamvuta mzee kope ya chini, ndani kulikuwa kweupe. Kinini zile zilikuwa zimemtoboa tumbo, damu inatoka polepole miezi na miezi, na kila mwezi kituo kikamuuliza Estelle anasikiaje. Mficha maradhi, kilio humfichua, na huyu alificha kwa makusudi: alijua akisema tu, watamnyang'anya kinini.

Na walimnyang'anya. Estelle alikuwa amevunja mwiko ili apate kinini, sasa anaambiwa hazitarudi kamwe.

"Unaona?" mzee akamfokea walipokuwa wakimpandisha kwenye moto kwenda hospitali. "Ungenyamaza, ningepata dawa, ningetembea!"

"Ungetembea mpaka wapi, Papa?" Estelle akasema kwa sauti. Tangu aolewe hakuwahi kumjibu mzee.

Mzee akaacha kufoka. Akamshika mkono mpaka moto ikaondoka. Aliongezewa damu, akapona tumbo, na magoti yakabaki mabovu kama zamani.

Baada ya hapo mabibi wengine wakapata moyo. Walipanga mstari mbele ya Raphaël, mmoja mmoja akisema jina la mkwe wake, wengine wakicheka, wengine wakijifunika mdomo. Wekundu wa mimba ukafutika kwenye ramani. Wazee wakaulizwa wenyewe, na tisa wakakutwa na choo cheusi.

Wa mwisho alikuwa Colette.

"Mukashema," akasema. "Mama ya bwana yangu."

"Yeye anasikia nini?" Raphaël akauliza, kalamu tayari.

"Tulimuzika mu mwezi wa tatu. Tumbo."

Raphaël akarudisha kurasa nyuma hadi mwezi wa tatu, fishi ya Colette. Pale, kwa mwandiko mzuri kuliko wote Masisi, alikuwa ameandika: "Hakurudi tena. Amepona."