Bastola Niliyomchagulia Mkwe

Usinikunjie uso. Kama huamini kwamba bibi aliyeishia darasa la nne anaweza kumchagulia mtu bastola, soma kwanza.

Mkwe wangu ni mwanachama wa klabu ya shabaha, na kibali anacho. Tulipopita duka la silaha mjini St Marys, mfuko wake ulitosha moja tu: ya risasi za kisasa iliyokwisha tumika, au mpya ya mtindo wa gobori, ile unayoshindilia baruti mwenyewe. Macho yake hayakubanduka kwenye ya kisasa. Nikagonga kioo kwa kidole.

"Chukua hii ya baruti. Ni mpya na ni rahisi. Mtumba wa nini?"

"Sawa, Mama," akasema.

Kwetu mkwe hambishii mama mkwe mbele za watu, nami nilijua hivyo nilipofungua mdomo.

Muuzaji akauliza, "Nani ataiosha? Baruti ina masizi. Isipooshwa siku ileile ilipofyatuliwa, kwa maji ya moto na sabuni, inashika kutu."

"Nimelea watoto kwa jiko la mkaa," nikamjibu. "Masizi hayanitishi."

Jumamosi iliyofuata mkwe alibisha hodi akitoka klabu, kucha nyeusi, begi begani.

"Shikamoo, Mama. Nyumbani mwanao kanifukuza kwa ajili ya harufu. Nikakumbuka masizi hayakutishi wewe."

Adabu tupu, hata pa kumshika sikupaona. Nikampa sufuria yangu ya pilau achemshie maji. Jikoni kote kukanuka mayai viza, naye akiisugua bastola huku akipiga mluzi. Nikatoka, nikafunga mlango.