Kijiji Kilichoshiba Siku ya Karani

Mdosi wangu alikuwa na ugonjwa mmoja: kupenda mistari. Ofisi aliyoisimamia ilikuwa kwenye gorofa moja pale mtaa wa Fedha, Nairobi. Kila asubuhi nilitembea kutoka kwangu Tassia, viatu safi mkobani, kwenda kuingiza kwenye kompyuta fomu za watu wa mashambani wanaoomba chakula cha msaada. Yeye alihesabu majina, akachora idadi yake ukutani kwa mstari. Majina yakiongezeka, uchumi wa kijiji umeanguka. Yakipungua, umeinuka. Basi! Hakuwahi kukanyaga hata kijiji kimoja. Ushago kwake ni ile miti unayoiona ukiwa ndani ya ndege. Na bado alisimama mbele ya wafadhili, tumbo mbele, kuwaeleza njaa. Upuzi mtupu.

Mwaka huo mvua ilikataa kwetu. Mama alikuwa peke yake, mahindi yalikauka yakiwa urefu wa goti, na tegemeo lake lilikuwa gunia la mgao. Nilimtumia nilichoweza, na nilichoweza kilikuwa aibu. Kwa hiyo fomu za kijiji chetu zilipofika mezani kwangu, nilitafuta ya mama kwanza.

Swali lilikuwa: umekula nini leo? Msichana karani aliyetumwa huko alikuwa amejaza kwa mwandiko mzuri wa shule: wali, nyama ya kuku, chai ya maziwa.

Kuku gani tena? Nikatoka hadi kwenye ngazi, nikampigia.

"Si yule mtetea wangu," akasema mama. "Mgeni ametoka mbali na karatasi zake, nimpe maji matupu? Mchele nilikopa kwa jirani. Naye jirani alimchinjia wake kesho yake."

"Na alipokuuliza umekula nini?"

"Ala! Tumekula pamoja. Nimwambie sijala, na mfupa angali nao mkononi?"

Nilitaka kulia, na nilitaka kumtukana mtu. Nikarudi nikapitia fomu zilizobaki. Kuku, kuku, mbuzi, kuku. Kijiji kizima kilikuwa kimechinja kwa ajili ya yule msichana, kila boma likiona haya kushindwa na boma la jirani. Naye akala, akapangusa mdomo, akaandika. Sijui ni shule gani inayomfundisha mtu kumla kuku wa mwisho wa mwenyeji kisha akamwandika kama utajiri.

Nikampelekea mdosi zile fomu. Nikamweleza kwamba watu hawa wamekula siku moja tu, siku ya karani, na kwamba tuwarudie tuwaulize habari za wiki nzima. Hata hakuinua macho. Akasema hizo ni hadithi za jikoni, yeye anataka takwimu, na wafadhili wanakuja Ijumaa. Kisha, kwa sauti ya mtu anayempa mtoto peremende, akanikumbusha kwamba mkataba wangu unaisha mwezi huo na wanaoutaka ni wengi. Mpumbavu mwenye tai! Nilimdharau mpaka meno yakaniuma.

Halafu nikaketi nikaandika kuku. Fomu ya mama niliiacha ya mwisho, nikanywa chai kwanza, nikaiingiza nayo. Kompyuta yenyewe ikaliondoa jina lake kwenye orodha ya mgao. Ijumaa mstari wa kijiji chetu ulishuka vizuri ukutani, wafadhili wakapiga makofi kwamba watu wameinuka, na mkataba wangu ukatiwa sahihi.

Siku ya mgao mama alinipigia akiwa nje ya ofisi ya chifu. Walikuwa wameita majina mpaka mwisho, na lake halikuwamo.

"Wewe uko karibu na hizo karatasi," akaniambia. "Hebu niangalizie, pengine limeanguka njiani."

Nikamwambia angoje. Nikakaa na simu sikioni, sikufungua chochote. Kisha nikamwambia karani alikosea kuandika.

"Usimseme vibaya mtoto wa watu," akasema mama. "Yule alikula akamaliza, akanishukuru. Wenye makosa ni hao wakubwa wa huko Nairobi, wasiomjua mtu."

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni hao."