Mguu Uliokuwa Umeanza Kupoa

Wapendwa, nimekuja mbele yenu kwa miguu yangu miwili, na nitasimama mpaka nimalize. Wengi mnanifahamu, Mama Neema wa Kidodi. Wageni wanijue hivi: nalima miwa, nina watoto watatu, na kabla ya ajali sikuwahi kulazwa isipokuwa kwa kujifungua.

Siku ile tulikuwa tunapakia miwa kwenye tela. Mzigo ulikuwa umejaa, kamba ikakatika, miwa ikaporomokea upande niliosimama. Nilisikia mfupa wa paja ukilia kama muwa unaovunjwa gotini. Nilipojaribu kuinuka, goti lilielekea kwingine na nyonga kwingine. Kila nikivuta pumzi, mbavu za kushoto zilinichoma.

Mume wangu alitaka twende hospitali Mikumi. Mama mkwe akakataa.

"Hospitali watamkata mguu," alisema. "Malolo kuna mzee anaunga mifupa. Mimi mwenyewe aliniunga bega."

Hakusema kwa ubaya, alikuwa analia. Nami niliogopa kisu, nikakubali.

Yule mzee alilivuta paja, akalifunga kwa mianzi na kamba za mpira. Alikaza mno. Siku ya kwanza nilipiga kelele. Siku ya pili mguu ulivimba, ngozi ikatoa malengelenge, unyayo ukafa ganzi. Siku ya tatu mume wangu aligusa vidole vya mguu ule. Vilikuwa vya baridi, na viwili vya mwisho vilikuwa vyeusi.

"Nipeleke Mikumi," nikamwambia. "Mama akikasirika, anikasirikie mimi."

Daktari aliyetupokea alikuwa binti mdogo.

"Shikamoo mama," alisema, huku tayari anakata zile kamba.

"Marahaba. Mguu utakatwa?"

"Bado sijui. Tutaupigania."

Baadaye alininyanyulia picha ya eksirei. "Huu wa paja ndio mfupa mrefu kuliko yote mwilini," alisema. "Ndio unaobeba uzito wako ukitembea. Ukivunjika, damu nyingi inavujia ndani, ndiyo maana umepauka hivyo. Mbavu ni mifupa bapa, kazi yake ni kukinga moyo na mapafu. Zako mbili zina ufa, lakini pafu limesalimika."

Niliongezewa damu, nikapelekwa Morogoro. Walipasua ngozi ya mguu ili uvimbe upate nafasi, kisha wakaweka chuma ndani ya mfupa. Mguu ulibaki. Vile vidole viwili viliondolewa.

Nilidhani vidole viwili si kitu. Siku ya kwanza kusimama na magongo niliyumba, nikaanguka. Mtaalamu wa mazoezi akanieleza kwamba mifupa midogo ya unyayo ndiyo inayotushika tusiyumbe.

"Iliyobaki utaifundisha," alisema.

Nikaifundisha. Asubuhi na jioni nilishika ukuta, hatua kumi, kesho yake kumi na mbili. Goti lilikuwa gumu kama mlango uliovimba kwa mvua. Nililikunja huku nimeuma kanga. Kuna siku nilimtukana mume wangu na kutupa magongo uani. Aliyaokota, akanirudishia mkononi, akasema, "Bado hatua nne." Nikazimaliza. Ilichukua mwaka na zaidi mpaka nikaingia tena shambani na panga langu.

Sikumlaumu mama mkwe, na yeye hakuwahi kuomba msamaha. Alinipikia uji kila siku, basi. Mwezi uliopita aliteleza bombani, akaangukia kiganja. Kifundo kikavimba. Nilikuwa nimefundishwa kule Morogoro kwamba mkono hapo una vijifupa vifupi vinane, ndivyo vinavyoufanya upinde kila upande, na nilianza kutafuta maneno ya kumshawishi. Akaniwahi.

"Mama Neema, chukua kitenge changu. Twende Mikumi."

Ndugu zangu, ukivunjika usivutwe, usikandwe. Ufungwe ubao bila kukazwa, vidole viguswe kila mara kuona kama vina joto, na hospitali ufike siku ileile. Namshukuru Mungu, nawashukuru madaktari, na watu nisiowajua ambao damu yao inatembea mwilini mwangu. Na mazoezi msiyaache kwa sababu yanauma. Yataendelea kuuma, nanyi endeleeni.

Mama mkwe yupo, amekaa benchi la pili. Mama, inua mkono waione hiyo plasta ngumu ya hospitali.