Nekoye na Leso ya Mama Tobias

Mimi ni mpishi, na mpishi huona mengi kwa sababu watu humsahau. Miaka tisa sasa niko jikoni mwa makao yetu hapa Ruiru, upande wa Kimbo. Watu kumi na wanne wanakula mkononi mwangu: wazee waliopotewa na kumbukumbu, na watu wazima waliozaliwa na ulemavu wa akili ambao wazazi wao wamechoka au wamekufa. Nimewaona wakiletwa. Wapo wanaomleta baba yao kama mtu anayerudisha kreti ya soda dukani. Wanamshusha, wanaangalia saa, wanaondoka. Hao nikikutana nao sokoni siwasalimii, na sitaki kuambiwa nina roho mbaya.

Lakini leo nina habari za Nekoye, mhudumu wetu. Ni Mbukusu wa Bungoma, mwembamba, mbishi, anayekunywa chai bila sukari na kukulaumu wewe unayeitia. Alikuja Thika akiwa na miaka kumi na tisa kutafuta kazi ya kiwanda, akaipata, akaichukia. Kilichomtoa huko ni kifo cha kaka yake, Wafula.

Wafula alizaliwa mzito wa kuelewa, na maadamu alikaa na mama yao hakuwa na shida na mtu. Mama alipofariki, wajomba walimpeleka kwenye makao fulani ya mbali, wakamwacha langoni na mfuko wa nguo. Hakuna aliyewaambia wahudumu kwamba Wafula hali ugali uliomwagiwa mchuzi juu. Alipokataa kula, wao wakaona ni ukaidi. Baada ya wiki sita alirudi nyumbani ndani ya jeneza. Nekoye alinisimulia hayo mara moja tu, tukichambua mboga, wala hakulia. Niliyelia ni mimi, nikasingizia moshi.

Ndiyo maana hakubali mtu aletwe kwetu hivi hivi. Kabla mtu hajahamia, Nekoye huenda kushinda nyumbani kwake wiki nzima, akimtazama yule anayemtunza. Haandiki chochote. Anasema daftari halijui kuosha mtu. Anaiga kwa mikono mpaka mikono ishike.

Mwaka jana, mwezi wa tano, tulipata ombi kutoka Kiganjo, kule Thika. Mama mmoja Mjaluo anayeitwa Auma, majirani wakimwita Mama Tobias kwa jina la kifungua mimba wake anayefanya kazi Kisumu, alikuwa akiishi na mwanawe mdogo, Calvince. Mdogo ni kusema tu; Calvince alikuwa na miaka arobaini na minne. Alizaliwa na ile hali ya Down, na maisha yake yote alimsaidia mama yake kwenye kibanda cha omena, wale dagaa wa ziwani. Alikaa na ungo mapajani, akitoa mawe na vijiti, na wateja walisema omena ya Mama Tobias haivunji jino.

Kisha mawe yakaanza kuonekana kwenye omena. Calvince akawa anayatoa, anayatazama, anayarudisha. Daktari alieleza kwamba waliozaliwa na hali yake wengi huzeeka mapema, na ugonjwa wa kusahau huwafikia wakiwa bado na nywele nyeusi. Siku moja alitoka akapotea, akapatikana karibu na mto Chania na kiatu kimoja, akitetemeka. Wiki mbili baadaye akapotea tena, wakamwokota mtaani Kiandutu. Mama alikuwa na miaka sabini na minane na goti bovu. Maji yalikuwa yamezidi unga.

Nekoye alipofika Kiganjo, yule mama hakuuliza tunapika nini wala tunalala saa ngapi, kama wengine wanavyouliza. Alisema, "Nyathina, mwanangu, mimi siogopi akae kwenu. Naogopa atanisahau. Kila kitu kinamtoka kichwani. Mimi tu ndiye nimebaki."

"Hatakusahau, mama," Nekoye akamjibu. "Hiyo niachie mimi."

Aliponieleza jioni nilimgombeza. Nilimwambia ahadi ni deni, na kumbukumbu ya mtu haiko mfukoni mwake aweze kuiwekea dhamana. Akanijibu nipike, nisihubiri.

Akakaa ile wiki. Akajifunza kwamba Calvince huoshwa uso kwa maji ya vuguvugu, kuanzia nyuma ya masikio. Kwamba uji wake ni wa wimbi, umekamuliwa ndimu, na kabla ya kumpa lazima ugonge kikombe na kijiko mara tatu useme, "Jaduong', uji," maana mama yake alizoea kumtania kwa kumwita mzee mwenye heshima. Kwamba usiku miguu yake hupakwa mafuta huku ukivuma wimbo wa kanisani usio na maneno. Mwisho akaomba leso ambayo mama hujifunga kichwani kila siku, ile ya kijani, na akaomba isifuliwe.

Siku ya kuhama, Mama Tobias alikuwa amemnunulia mwanawe sanduku la bati lenye kufuli, lile la kupeleka mtoto fomu wani. Watoto wake wengine wote aliwanunulia walipoenda sekondari. Calvince peke yake hakuwahi kulihitaji. Akalibeba mwenyewe mpaka ndani, kifua mbele. Dereva aliyewaleta alicheka. Mimi nilimtazama mpaka akaacha.

Wengi wakihamia kwetu hukataa chakula siku za mwanzo. Calvince alikula asubuhi ya kwanza. Nekoye alikuwa amejifunga ile leso inayonuka omena na moshi, akagonga kikombe mara tatu, na yule mtu akafungua mdomo. Nilisimama mlangoni mwa jikoni nikamvulia kofia, nami si mtu wa kusifu watu. Jumapili tatu mfululizo mama alikuja, na mara zote tatu Calvince alimrukia shingoni.

Halafu mama akaanguka kibandani, akavunjika nyonga. Alilazwa, akapasuliwa, akarudi Kiganjo kulala kitandani. Miezi minne hakuonekana. Tulijaribu simu, lakini Calvince aliigeuzageuza akitafuta mtu nyuma yake, kisha akaogopa, tukaacha. Nekoye yeye hakuacha. Kila asubuhi leso, kijiko, ndimu. Kila usiku mafuta na ule wimbo. Alisema anamshikia mama nafasi yake, na mimi nilimwamini. Hakuna kati yetu aliyefikiria kwamba nafasi ikikaliwa kila siku huwa ya anayeikalia. Tunajiita watu wa kazi hii, na hilo hatukuliona.

Mama Tobias alikuja Jumapili moja ya mwezi wa kumi, na magongo mawili. Alikuwa amevaa vizuri kama anayekwenda harusini, gauni la bluu na kilemba kipya kilichopigwa pasi, ananukia sabuni. Calvince alikuwa barazani. Alimtazama, akainuka, akamsogezea kiti. Alikuwa amelelewa vizuri.

"Karibu, mgeni," akasema.

Mama alicheka kidogo, akidhani ni mzaha. Akakaa, akaweka magongo chini, akanyoosha mkono kumfuta nyuma ya sikio. Calvince akaruka nyuma, mikono usoni. Nekoye alikuwa anatoka ndani na kikombe, ile leso kichwani, na Calvince alipomwona alimkimbilia, akajificha mgongoni kwake, akalia, "Mama. Mama, mwambie aende."

Nekoye aliweka kikombe sakafuni, akaanza kufungua leso kwa haraka, vidole vikikataa. Alitaka kumvika yule mama. Alikuwa analia sasa, yeye ambaye hakumlilia Wafula mbele yangu.

"Wacha," Mama Tobias akasema. "Usiitoe."

"Mama, ni makosa yangu. Nilikuahidi—"

"Nimesema wacha. Ukiitoa atabaki bila mama kabisa." Akamwonyesha Calvince kwa kidevu. "Amekuita. Mwitikie."

Nekoye hakuweza. Calvince akaita tena, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayezama. Ndipo Nekoye akajibu, kwa sauti ndogo ambayo sikuitambua, "Niko hapa, Jaduong'."

Calvince akatulia. Nilileta chai kwa sababu sikujua la kufanya lingine. Tukakaa wanne kama watu waliokutana hospitalini. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, lakini siku hiyo hata mimi niliyezaa kwa upasuaji nikiwa nimelala niliujua. Calvince alikunywa chai yake akimchungulia yule mgeni wa gauni la bluu, na alipoona hamsogelei tena, akapata ujasiri.

"Unaitwa nani?" akamwuliza.

Yule mama alimtazama Nekoye, kama anayeomba ruhusa. Kisha akasema, "Naitwa Auma."

"Auma," Calvince akarudia. Alichagua andazi moja kubwa kwenye sahani, akampa. "Uko na watoto, Auma?"

"Niko nao," akasema, akilipokea kwa mikono miwili. "Wameshakuwa wakubwa."